Maisha ya Mwalimu Aggrey wa Achimota

Jina la James Emman Kwegyir Aggrey halikosi kutajwa Waafrika wanapozungumza habari za elimu. Lakini wengi wanazijua hadithi zake mbili tu, ile ya tai na ile ya kinanda. Habari za mtu mwenyewe hawazijui, wala mambo yaliyomfundisha kusema hivyo. Tena wako wanaoishika hadithi moja na kuiacha ya pili, na kwa kufanya hivyo humkata Aggrey vipande viwili. Basi na tuifuate njia yake tangu mwanzo hata mwisho, maana kazi yake yote ilikuwa kulijibu swali moja ambalo kila mwalimu hulikuta darasani: mtoto atawezaje kujitambua yeye ni nani, na papo hapo awe mmoja wa jamaa yote ya shule, asiachwe nje na mtu, wala yeye asimwache mtu nje?

Nyumbani kwa msemaji wa mfalme

Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabo, ulio kando ya bahari katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo tangu mwaka wa 1957 jina lake ni Ghana. Watu wake ni Wafante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mfalme wa Anomabo. Kwa watu wa nchi ile kazi hiyo ni ya heshima kubwa. Mfalme akaapo barazani hasemi na watu moja kwa moja. Husema kwa kinywa cha msemaji wake, naye msemaji huyapima maneno, huyapamba kwa mithali, na kuyafikisha kwa namna ambayo wagombanao waweza kuyapokea. Mama yake aliitwa Abna Andua. Hivyo mtoto huyu alikua katika nyumba ambamo neno lililosemwa vizuri lilikuwa na thamani kuliko mali, na kupatanisha watu kulikuwa ndiyo kazi ya kila siku.

Mwaka wa 1883 alibatizwa katika kanisa la Wamethodisti, akapewa jina la James. Akapelekwa kusoma katika shule ya misheni mjini Cape Coast, na mara akaonekana kuwa mwenye akili na bidii. Akiwa bado kijana alianza kuwafundisha wengine. Tena aliwasaidia wale waliokuwa wakilifasiri Agano Jipya kwa Kifante, na kwa kazi hiyo alijifunza kuipenda lugha ya mama yake kama chombo kinachoweza kubeba mambo makuu. Hata alipokaribia miaka 23 alikuwa amekwisha kufanywa mkuu wa shule katika Cape Coast.

Twayataja haya kwa makusudi. Watu wengine hudhani ya kuwa Aggrey alipata kuwa mtu alipofika ng'ambo. Sivyo. Alipoondoka kwao alikuwa amekwisha kuwa na lugha yake, mithali za baba yake, imani yake na kazi yake. Kama asingalikuwa na hazina hiyo, yale yaliyomngoja mbele yangalimvunja.

Miaka zaidi ya ishirini katika Marekani

Mwezi wa Julai 1898 Aggrey alisafiri kwenda Marekani. Aliyemwita alikuwa Askofu John Bryan Small, mtu mweusi wa kisiwa cha Barbados, aliyelitumikia kanisa la AME Zion, yaani kanisa la Wamethodisti lililoanzishwa na watu weusi wa Marekani. Kijana akaingia katika Chuo cha Livingstone, katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kiliitwa kwa jina la David Livingstone, yule msafiri ambaye habari zake zajulikana sana katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki.

Alimaliza masomo yake kwa sifa mwaka wa 1902, akatiwa mikono kuwa mchungaji mwaka uliofuata, na chuo kikamweka kuwa mwalimu. Mwaka wa 1905 alimwoa Rose Douglas, nao walijaliwa watoto wanne. Binti yao wa kwanza walimwita Abna, kwa jina la mama yake Aggrey aliyeachwa mbali Anomabo. Kwa jambo hilo dogo twaona moyo wake. Alikuwa amepata kwao kwingine, lakini kule kwa kwanza hakukusahau.

Nchi aliyoikuta haikuwa nchi ya raha kwa mtu mweusi. Katika majimbo ya kusini sheria ziliwatenga watu weusi na weupe katika magari ya moshi na katika shule. Mwaka wa 1900 katiba ya jimbo la North Carolina ilibadilishwa kwa namna iliyowanyang'anya watu weusi wengi haki ya kupiga kura. Mtu aliyekuwa mwana wa msemaji wa mfalme, mwenye kuzijua lugha za Kiyunani na Kilatini, aliambiwa na sheria ya nchi ya kuwa mahali pake ni kando.

Mbele ya jambo kama hilo mtu huvutwa kwenda njia mbili. Ya kwanza ni kujionea haya, akaanza kuificha asili yake, akatamani kufanana na wale wanaomdharau. Ya pili ni kuufunga moyo, akasema ya kuwa asiyekuwa wa kabila langu si ndugu yangu kabisa. Aggrey alizikataa zote mbili. Alikuwa akisema mara nyingi ya kuwa anafurahi kuwa mweusi, na kwamba kama angalirudishwa mbinguni na kuulizwa atake rangi gani, angaliomba awe mweusi kupita alivyo. Lakini hakuligeuza neno hilo kuwa fimbo ya kuwapigia wengine.

Wala hakukaa katika chuo tu akijifurahisha kwa vitabu. Alipewa pia kulitumikia kanisa dogo la watu wa mashamba karibu na Salisbury. Wengi wao walikuwa maskini wenye madeni, wakilima ardhi isiyokuwa yao. Aliwahimiza kuweka akiba pamoja na kukopeshana wao kwa wao, na kila apataye nafasi anunue ardhi yake. Na katika likizo alikwenda mara nyingi kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, maana hakuona kwamba mwalimu afikiapo umri fulani amekwisha kujifunza.

Safari mbili za Afrika

Mwaka wa 1920 shirika liitwalo Phelps-Stokes Fund, la huko New York, lilichagua watu wa kwenda Afrika kutazama hali ya elimu. Mkuu wao alikuwa Dakta Thomas Jesse Jones. Katika wajumbe wote Mwafrika alikuwa mmoja tu, naye ni Aggrey. Safari ya kwanza, ya mwaka wa 1920 na 1921, iliwapeleka katika nchi za magharibi, Kongo, Angola na Afrika ya Kusini. Hivyo baada ya miaka 22 aliikanyaga tena nchi yake. Safari ya pili ilikuwa mwaka wa 1924, nao wakapita katika Uhabeshi, Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja, Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na nchi nyingine hata Afrika ya Kusini tena.

Kila alipofika watu walikuja kumsikiliza. Vijana walistaajabu kumwona Mwafrika aliyeketi baraza moja na Wazungu, akisema mbele yao bila woga na bila kiburi. Mjini Lagos, mwaka wa 1920, kijana Nnamdi Azikiwe alimsikia akihubiri, na tangu siku hiyo akakusudia kwenda kusoma Marekani. Kijana huyo ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Nigeria mwaka wa 1963. Mjini Dar es Salaam mwaka wa 1924 Aggrey alionana na Kleist Sykes, naye Kleist baadaye alisimulia jinsi mgeni huyo alivyomshauri kwamba Waafrika waunde chama chao cha kuwaunganisha. Mwaka wa 1929 Kleist alikuwa mmoja wa walioanzisha Chama cha Waafrika mjini humo. Na katika Afrika ya Kusini, baada ya safari ya mwaka wa 1921, yaliundwa mabaraza ambamo Waafrika na Wazungu walikutana kushauriana, jambo lililokuwa geni katika nchi ile.

Basi mwana wa msemaji alikuwa ameirithi kazi ya baba yake. Alisimama kati ya watu na watu, akiwachukulia hawa maneno ya wale, na wale maneno ya hawa.

Hadithi ya tai na hadithi ya kinanda

Katika safari hizo alizisimulia hadithi zake mbili. Ya kwanza ni ya mtu aliyemkamata tai mchanga akamweka pamoja na kuku. Tai akala chakula cha kuku, akatembea kama kuku, hata akajidhani kuwa kuku. Ndipo akaja mtu mwingine mwenye kuwajua ndege, akasema kwamba huyu ni tai, naye ataruka. Mara ya kwanza alimwinua, tai akawaona kuku chini wakila, akarukia kwao. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu alimchukua alfajiri mpaka juu ya mlima, akamwelekeza kulitazama jua lichomozalo, naye tai akakunjua mabawa yake akaenda zake juu. Aggrey aliwaambia Waafrika ya kuwa wao wamezoezwa kujidhani vingine, lakini asili yao haikubadilika.

Ya pili ni habari ya kinanda. Kila aliyekiona kinanda anajua ya kuwa kina vipande vyeupe na vipande vyeusi vinavyobonyezwa kwa vidole. Aggrey alieleza ya kuwa mtu aweza kupiga wimbo fulani kwa vyeupe peke yake, na wimbo fulani kwa vyeusi peke yake. Lakini atakaye kupata sauti zinazopatana kwa utimilifu hana budi kuvipiga vyote.

Mwalimu mwenye hadithi ya tai tu atamfundisha mtoto kujijua, lakini mtoto huyo aweza kuanza kuwadharau aliowaacha chini. Na mwalimu mwenye hadithi ya kinanda tu atahubiri umoja, lakini aweza kumtaka kila mtoto anyamaze ili umoja usivurugike. Katika kinanda kila kipande kina sauti yake. Ukikipaka kipande cheusi rangi nyeupe hukubadilisha sauti yake hata kidogo. Na kipande kisichotoa sauti yake huharibu wimbo wa wote. Kwa hiyo kujitambua na kuwa wa watu wote havipingani, bali kimoja chakihitaji kingine.

Shule mahali palipokatazwa majina

Aggrey hakutosheka na kusimulia. Mwaka wa 1924 alipewa nafasi ya kuyafanya maneno yake kuwa kazi. Gavana wa Gold Coast, Sir Gordon Guggisberg, alikuwa amekusudia kujenga shule kubwa karibu na Accra, itakayomchukua mtoto tangu darasa la wadogo kabisa mpaka elimu ya juu. Mkuu wake akawa Mchungaji Alec Garden Fraser, ambaye zamani alikuwa misionari katika Uganda, kisha akaongoza shule ya Kandy katika kisiwa cha Ceylon kwa miaka ishirini. Aggrey akawekwa kuwa msaidizi wa makamu wa mkuu. Majengo yake yaligharimu zaidi ya pauni 600,000, fedha ambazo mpaka wakati ule zilikuwa hazijapata kutumiwa kwa shule moja ya Waafrika katika nchi ile.

Mahali penyewe paliitwa Achimota. Kwa lugha ya Waga neno hilo lina maana ya kuwa jina la mtu lisitajwe. Wazee husimulia ya kuwa zamani watu waliowakimbia wauza watumwa walijificha katika msitu ule, na mwenye kupita alikatazwa kutaja jina la yeyote, asije akamfichua. Mahali ambapo mtu alipona kwa kutojulikana, sasa pakawa mahali ambapo mtoto aliitwa kwa jina lake na kuulizwa ametoka wapi na aweza kufanya nini.

Jambo hilo halikuwa jepesi, na ajuaye historia ya nchi ile ataona uzito wake. Wafante na Waasante walikuwa wamepigana vita mara nyingi. Mwaka wa 1807 jeshi la Waasante liliushambulia mji wa Anomabo wenyewe, mji wa kina Aggrey, na watu wengi sana wakafa. Mambo kama hayo hayasahauliki upesi. Babu humsimulia mjukuu. Naye Mfalme Prempeh wa Waasante, aliyekamatwa na Waingereza mwaka wa 1896 na kupelekwa uhamishoni, alirudi kwao mwaka ule ule wa 1924. Na sasa watoto wa Wafante, wa Waasante, wa Waga na wa Waewe walitakiwa kulala nyumba moja, kula chakula kimoja, na kulima shamba moja.

Njia zilizotumika katika Achimota zilikuwa hivi. Watoto wadogo walifundishwa kwanza kwa lugha ya mama yao, kisha Kiingereza kikafuata. Lugha za nchi zilifundishwa kama masomo yenye heshima, si kama kitu cha kufichwa mgeni ajapo. Ngoma na nyimbo za kila kabila zilipata nafasi shuleni, hata mtoto akawaonyesha wenziwe mambo ya kwao, naye akajifunza ya kwao. Kazi za mikono zilikwenda pamoja na vitabu, ili mwenye kipawa cha mkono asionekane kuwa mjinga kwa sababu si mwepesi wa hesabu. Na alama ya shule ilikuwa vipande vyeupe na vyeusi vya kinanda, pamoja na neno la Kilatini lililotolewa katika sala ya Bwana Yesu katika Yohana sura ya 17, alipowaombea wafuasi wake umoja.

Tena Aggrey alishikilia sana kwamba wasichana wapokewe pamoja na wavulana. Wazazi wengi waliona kuwa ni kupoteza fedha. Yeye aliwajibu ya kuwa ukimfundisha mwanamume umemfundisha mtu mmoja, bali ukimfundisha mwanamke umeifundisha jamaa nzima. Hakuona umoja wowote katika shule iliyowaacha nje nusu ya watoto wa nchi.

Lawama kutoka pande mbili

Asidhani mtu ya kuwa kazi hii ilisifiwa na wote. Wazungu wengine waliona kuwa Mwafrika amepandishwa juu mno, na kwamba elimu kubwa namna hii itawaharibu watu. Nao Waafrika wengi wenye elimu walikuwa na mashaka kwa upande mwingine. Waliposikia habari za lugha za nchi, kilimo na ngoma, walisema ni hila ya kuwapa watoto wao elimu ya chini, ili wasifikie vyeo. Katika Marekani mtaalamu mkubwa W. E. B. Du Bois aliwalaumu wazi Dakta Jones na shirika lake kwa sababu hiyo hiyo. Wengine walimwona Aggrey kuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kuwatuliza Waafrika kwa niaba ya Wazungu.

Lawama hizo hazikuwa maneno matupu. Katika makoloni mengi serikali zilisema kwamba Mwafrika apewe elimu inayomfaa, kisha zikaitumia sababu hiyo kumnyima elimu ya juu. Lakini Aggrey mwenyewe hakutaka hivyo. Alizunguka mji kwa mji akieleza ya kuwa Achimota itafundisha mpaka kiwango cha chuo kikuu. Na watu, wakimwona yeye aliyesoma Kiyunani na bado akisema Kifante safi, wakaanza kuamini. Wakati ukamshuhudia. Mwaka wa 1948 chuo kikuu cha Gold Coast kilianza, na madarasa yake ya kwanza yalikuwa katika majengo ya Achimota.

Lakini na tukumbuke gharama yake. Mtu asimamaye kati ya pande mbili hupigwa mawe na pande zote. Katika Achimota Aggrey alikuwa Mwafrika mwenye cheo cha juu kati ya walimu, na kila neno lake lilipimwa mara mbili: Wazungu wakitazama kama amepata kiburi, na Waafrika wakitazama kama amewauza. Mtu aliyefanya kazi usiku na mchana ili mtoto yeyote asijione mgeni, yeye mwenyewe mara nyingi alitendewa kama mgeni.

Kufa kwake

Mwezi wa Januari 1927 shule ilifunguliwa rasmi. Aggrey hakupata kuyafurahia matunda yake. Katikati ya mwaka huo alipewa likizo, akaenda Marekani kuiona jamaa yake na kuandika kitabu cha kumaliza masomo yake ya udaktari katika Columbia. Kitabu hicho hakikumalizika. Mjini New York alishikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo unaoingia kichwani, akafa tarehe 30 Julai 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Walimzika Salisbury, mji alioukalia miaka mingi. Mtoto wake wa mwisho, Rudolph, alikuwa wa mwaka mmoja tu. Mtoto huyo alikua bila kumjua baba yake, naye baadaye akawa balozi wa Marekani katika Senegal na Gambia, na kisha katika Rumania.

Huko Gold Coast alikuwako kijana mmoja katika chuo cha walimu cha serikali mjini Accra, ambacho baadaye kilihamishiwa Achimota. Jina lake Kwame Nkrumah. Habari za msiba zilipomfikia hakuweza kula kwa siku tatu, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Kwa kumfuata Aggrey alikwenda kusoma Marekani. Na mwaka wa 1957 yeye ndiye aliyeiongoza nchi yake kupata uhuru. Twaona ya kuwa mwalimu aweza kuwa na mwanafunzi kwa muda mfupi sana, na neno lake likazaa baada ya miaka thelathini.

Tunayoweza kujifunza

Ndugu walimu na wainjilisti, tusiyasome maisha haya kama habari za mtu mkubwa wa mbali. Aggrey hakuwa na uwezo wa kuzifuta sheria za North Carolina, wala kuondoa ukoloni Afrika. Alichokuwa nacho ni darasa, kanisa dogo, ulimi na mfano wake. Hayo hata sisi tunayo.

La kwanza, na tumjue mtoto. Katika kila darasa yuko anayekaa kimya nyuma. Labda lugha ya shule hajaizoea. Labda haoni vizuri, au hasikii vizuri, naye aona haya kusema. Labda ametoka kijiji kingine, na wenziwe humcheka matamshi. Mwalimu ndiye yule mwenye kuwajua ndege. Kazi yake si kumtia mtoto mabawa, maana anayo. Kazi yake ni kumwinua mara ya kwanza, na ya pili, na asichoke kabla ya mara ya tatu.

La pili, tusimtake mtoto aache kwao ili apokewe. Mtoto anayefundishwa kuionea haya lugha ya mama yake atakapokua atamwonea haya mama mwenyewe. Afadhali aitwe mbele awafundishe wenziwe wimbo mmoja wa kwao au mithali moja, na kesho aitwe mwingine wa kabila jingine. Kwa njia hiyo kila mmoja hutoa na kila mmoja hupokea, wala hakuna anayekaa katika shule kama mgeni aliyehurumiwa.

La tatu, umoja wa shule hupimwa kwa wale waliokuwa wakiachwa nje. Aggrey aliupima kwa wasichana, na kwa watoto wa makabila yaliyokuwa adui. Kila shule na iulize mlango wake: ni nani ambaye hajaingia, na aliyeingia, ni nani ambaye bado hajakaribishwa? Jibu lake halipatikani kwa kuhesabu watoto darasani tu. Tutazame saa ya kucheza, ni nani asimamaye peke yake. Saa ya kula, ni nani asiyeitwa na wenziwe. Na saa ya kuimba, ni nani asiyefungua kinywa.

Na la mwisho, mwalimu hawezi kumpeleka mtoto mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika. Watoto wa Achimota waliamini ya kuwa mtu aweza kuwa Mfante kamili na papo hapo ndugu wa watu wote, kwa sababu walimwona mmoja aliyekuwa hivyo akipita kati yao kila siku. Kitabu alichokuwa akikiandika kilibaki bila kumalizika, lakini wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuusoma mwenendo wake.